Watu Waliotoweka Kapkoi

Maji yalimfika arap Tuwei kiunoni. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, mwaka wa arobaini na sita, na kule Soy mwezi wa saba hauna huruma: majani ya ukingoni yalikuwa meupe kwa baridi, na ng'ombe wa Bwana walikuwa wakitoa moshi puani. Alikuwa amekata matete tangu kuche ili kufungua njia ya mashua, kwa sababu Jumamosi Bwana alitarajia wageni. Miguu ilikuwa imekufa ganzi zamani. Kila mara aliinua mmoja juu ya maji, akauangalia kama bado ni wake, akaurudisha chini.

Hakuwa na nguo ila shuka kuukuu iliyofungwa kifuani, na shingoni kipande chake, cheti cha kazi cha serikali, ndani ya kikebe cha bati. Kikebe kilikuwa baridi kuliko maji yenyewe. Lakini hangeweza kukivua akakiacha ukingoni. Mtu aliyekutwa bila kipande alikuwa mtu wa jela, hata akikutwa ndani ya bwawa.

"Mzee!"

Alikuwa Wangila, karani wa shamba, Mbukusu mrefu kutoka Kimilili. Alikuwa amevaa koti la zamani la Bwana, ambalo mikono yake iliishia mbali sana na viganja. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Mzee, toka kwa maji kwanza."

"Soma tu. Masikio yangu iko huku juu."

Wangila akasoma kwa Kiingereza, akaona upumbavu wa jambo hilo, akaanza tena kwa Kiswahili. Sheria imepitishwa. Kila skwota, yaani kibarua anayeishi shambani, mwenye ng'ombe katika shamba la Bwana Pelling aondoke kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa Bwana analeta trekta na ng'ombe wa gredi, na ng'ombe wa Waafrika wana magonjwa. Ng'ombe hao watachukuliwa na watu wa mifugo siku ya Ijumaa. Watu wenyewe watapelekwa na lori Jumamosi hadi Timboroa kufanya kazi ya msitu, na huko msituni ng'ombe haruhusiwi.

"Na mimi pia?"

"Jina yako ndiyo ya kwanza, Mzee."

"Mimi si skwota ya ng'ombe. Mimi ni mtu ya mashua."

"Hapa imeandikwa wewe ni mtu ya ng'ombe sita."

Arap Tuwei alipiga tete moja panga, likaanguka majini bila sauti. Wangila hakuondoka. Alikuwa akiikunja karatasi na kuikunjua.

"Kuna maneno hii ya chini," akasema. "D.O. wa serikali anakuja Alhamisi. Mtu akionyesha kwamba watu yake walikaa hapa kabla shamba ipimwe, kabla ya elfu moja mia tisa na nane, anaweza kuachwa akae mpaka afe. Na ng'ombe mbili."

"Nitamwambia."

"Kumwambia haitoshi. Inataka kitu, Mzee. Kitu ya kushika na mkono."

Arap Tuwei aligeuka akatazama katikati ya bwawa. Akatazama kwa muda mrefu hata Wangila naye akageuka kutazama, asione kitu ila kile kisiwa cha mawe na ndege wake.

Chenyewe hakikuwa kisiwa cha kujivunia. Mtu angekizunguka kabla sufuria ya ugali haijachemka. Kilikuwa mwamba wa kijivu wenye madoa ya manjano, mkuyu mmoja uliopasua jiwe ili usimame, na mishubiri iliyochanua maua mekundu wakati kila kitu kingine kimekauka. Katika nyufa za upande wa mashariki waliishi pimbi, ambao kutwa nzima walikuwa wakiota jua na kugombana. Juu ya mawe walikimbia mijusi wenye vichwa vyekundu. Chini, kwenye matete, korongo wenye taji walikuja kila mwaka kutaga mayai mawili au matatu, na Bwana Pelling alikuwa akiyahesabu kwa darubini na kuandika. Wafanyakazi walimwita Kiptarit, yaani bwana wa ndege. Kisiwa alikipa jina la marehemu mke wake, kikawa Kisiwa cha Sarah, na kibao kikapigwa ukingoni kukataza mtu yeyote asivuke bila ruhusa. Korongo walilindwa vizuri sana katika shamba lile. Hata skwota angependa kuwa korongo.

Lakini kabla ya mwaka wa ishirini na nane hapakuwa na kisiwa wala bwawa. Palikuwa na bonde la nyasi, na katikati yake kilima cha mawe kilichoitwa Kapkoi. Juu ya kilima kulikuwa na ukuta wa mawe wa mviringo. Nani aliyeweka jiwe la kwanza, hakuna aliyejua; baba yake arap Tuwei aliukuta umebomoka, akauinua, akautia lango, akaingiza ng'ombe. Miaka na miaka wakalala humo. Ndani ya zizi lile, jioni moja ng'ombe wakiingia, mtoto akazaliwa, akaitwa Kiprotich, jina la mtoto aliyezaliwa wakati huo wa jioni. Ndiye huyu aliyekuwa sasa amesimama katika maji.

Baba alikufa mwaka mmoja kabla ya vita vya Wanandi na serikali. Alikuwa mzee wa kupita kiasi, meno yamekwisha, anakula maziwa tu. Siku zile maiti ya mtu wa kawaida ilipelekwa porini, fisi wakafanya kazi yao. Aliyezikwa ni mtoto mchanga, au mzee kama huyu, na mahali pake palikuwa ndani ya samadi karibu na lango la zizi. Walimlaza kwa ubavu ndani ya ngozi ya ng'ombe, wakamwekea maziwa na nyasi mbichi. Hakuna aliyelia. Watu walicheka na kuongea kwa sauti, kwa sababu mzee amefika alikokuwa akienda siku nyingi. Hawakuweka alama. Nani angeweka alama kwenye kaburi la mtu ambaye kila mtu anajua alipo? Na desturi ilikuwa kwamba mahali pale hapakanyagwi tena na watoto wake, hapaonyeshwi kwa kidole, wala hapazungumzwi mbele ya wageni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo watu. Kapkoi mgeni alikuja, mwenyeji akahama. Askari walichoma, wakachukua ng'ombe, wakawasukuma watu wote kusini, kwenye rizavu. Kisha akaja Kaburu mmoja na gari la maksai, akapimiwa bonde zima kutoka mto hadi mto. Arap Tuwei alipotoka rizavu kutafuta kazi, aliyapita mashamba ishirini yaliyokuwa yakitafuta watu, akaenda kuomba kazi kwa Kaburu huyo. Akachunga ng'ombe wa mwingine kwenye majani ya baba yake, akashukuru. Kaburu alipochoka alimuuzia Pelling, na arap Tuwei akauzwa pamoja na shamba kama vile mkuyu ulivyouzwa.

Pelling alipojenga bwawa, arap Tuwei alibeba mawe miezi saba. Maji yakapanda, yakapanda, yakasimama chini kidogo ya mkuyu. Siku hiyo alifurahi. Jambo hili hakumweleza mtu, hata mke wake, lakini alifurahi kweli: plau haitafika pale, fisi hatafika, ng'ombe wa gredi hatafika. Mzungu amemjengea baba yake boma la maji. Ndiyo sababu Bwana alipotafuta mtu wa kupiga kasia, arap Tuwei, Mnandi ambaye hakuwahi kukaa juu ya kitu kinachoelea, alisema anajua mashua.

Miaka kumi na nane alimvusha Bwana. Hakuna hata siku moja aliyopanda juu. Alikuwa akibaki kwenye mawe ya chini, ameshika kamba, na mara moja kwa mwaka, Bwana akiwa mbali na darubini yake, alimwaga maziwa kidogo kwenye mizizi ya mkuyu. Mwaka wa thelathini na saba alikuja rafiki ya Bwana kutoka Nairobi, mtu wa miwani minene, wakachimba siku nane. "Mimi natafuta vyungu," Bwana alimwambia. Sauti za majembe zilisikika kama zinatoka kwenye mapango ya pimbi, upande wa mashariki. Arap Tuwei alikaa mashuani akiwaombea wapate vyungu vyao waondoke. Siku ya tisa waliteremsha sanduku lililopigiliwa misumari, akalibeba mgongoni hadi kwenye gari la maksai, akalisindikiza hadi stesheni ya Sisibo, kama walivyouita mji wa Eldoret siku hizo. Lilikuwa jepesi kuliko mawe. Kwa hiyo ni vyungu, alijiambia, na hakulifikiria tena.

Rael, mke wake, alikuwa akikamua aliporudi. Jina lake la nyumbani lilikuwa Jepchirchir, lakini tangu abatizwe na watu wa misheni alipenda Rael. Alisikiliza habari yote bila kuacha kukamua.

"Timboroa," akasema. "Huko umande inageuka mawe. Hii kifua yako itamaliza mwezi ngapi?"

"Sijui."

"Na D.O. utamwambia nini?"

"Nitamwambia nilizaliwa hapa."

"Kila mtu alizaliwa mahali. Baba Hellen, mwambie yule mzee yuko pale."

Arap Tuwei alitazama mlangoni, kana kwamba kuna mtu amesikia. Miaka thelathini ya ndoa, na Rael hakuwahi kulitaja kaburi lile. Alikuwa amelijua kwa njia ile wanawake wanavyojua mambo, kwa kuona maziwa yakipungua kibuyuni siku moja kila mwaka.

"Ile haisemwi."

"Umenyamaza tangu ukiwa kijana. Umenyamaza ya kutosha. Ukinyamaza Alhamisi, Jumamosi utamwachia nani? Korongo?" Alisimama na kibuyu. "Mimi siogopi kufa Timboroa. Naogopa wewe ukufe huko mbali na yeye, halafu mtoto yetu asijue hata mmoja wenu alilala wapi."

Usiku huo hakugusa chakula, na kesho yake alimwomba Wangila amfundishe neno la Kiswahili la kaburi, kwa sababu alitaka kulisema vizuri.

D.O. alikuwa kijana wa mashavu mekundu, aliyefika wilaya hiyo miezi minne iliyopita na Kiswahili chake kikiwa bado kipya. Alikaa kwenye veranda ya Pelling na kikombe cha chai. Skwota walikaa chini kwenye nyasi. Alipoitwa jina lake, arap Tuwei alisimama na kuvua kofia.

"Ewe mzee," D.O. akasema, "je, waweza kunionyesha dalili yoyote ya makazi ya jamaa zako?"

Arap Tuwei akamtazama Wangila.

"Anauliza kama iko kitu ya kuonyesha," Wangila akasema.

"Mwambie nilizaliwa pale juu ya mawe, ng'ombe ikiingia jioni. Ndiyo maana naitwa Kiprotich."

D.O. alitabasamu bila ubaya. "Tangu nifike hapa nimekutana na akina Kiprotich mia moja."

"Mimi najua hii mawe," Pelling akasema kutoka kiti chake. Hakuwa mtu wa kupiga makelele. Wafanyakazi wa mashamba jirani walipigwa viboko, wa kwake hawakupigwa, na alilijua hilo na kulipenda. "Hii hapana mawe ya Nandi. Hii kazi ya watu ya zamani, zamani sana. Mimi naandika yote kwa kitabu. Ile watu yote kwisha potea."

"Baba yangu ako pale," arap Tuwei akasema.

Alikuwa amelisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Mzee mmoja wa Kinandi aliyekuwa mstari wa mbele aliinamisha kichwa kwa aibu.

"Kaburi," arap Tuwei akaongeza, akilitamka kwa uangalifu. "Kaburi ya baba yangu. Iko kwa mlango ya zizi. Mimi nilimweka na mkono yangu."

Aliwavusha yeye mwenyewe: D.O., Bwana, na Wangila aliyeshika jembe. Mashua ilipogusa jiwe aliifunga kamba, akasimama chini akingoja, kwa mazoea. Wote watatu wakageuka kumtazama. Ndipo akakumbuka kwamba safari hii ni yeye anayetakiwa kutangulia. Alipanda kwa mikono na miguu. Miaka arobaini na miwili tangu mazishi, na bado nyayo zake zilijua jiwe lipi linacheza na lipi halichezi.

Zizi lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka. Ukuta ulikuwa umefikia goti tu. Alikwenda kushoto ya lango, hatua tatu, akapiga magoti. Hakuonyesha kwa kidole. Aliweka kiganja chini.

"Baba, nisamehe," akasema kwa Kinandi. "Wanataka kitu cha kushika."

Alikataa jembe. Alichimba kwa mikono. Udongo wa samadi ya zamani ulikuwa mwepesi, wa kijivu, na ulikuja kwa urahisi, kwa urahisi mno. Akachimba hadi viwiko. Vidole vyake vikagusa kitu kigumu, akakisafisha taratibu kwa kidole gumba. Kilikuwa mkebe wa samaki, umefunguliwa na kuliwa. Chini yake kulikuwa na kigingi cha mbao chenye namba saba iliyoandikwa kwa rangi nyekundu.

"Ah!" Pelling akasema. Alimweleza D.O. jambo kwa Kiingereza, kwa furaha ya mtu aliyekutana na kazi yake ya zamani. Kisha akamgeukia arap Tuwei. "Hapa hapana kitu. Mimi kwisha toa. Wewe nakumbuka ile sanduku? Ile ya Nairobi? Wewe mwenyewe nabeba."

Pimbi mmoja alipiga kelele huko chini. Arap Tuwei alibaki amepiga magoti, mkebe mkononi. Mgongo wake ulianza kutetemeka pale pale sanduku lilipokaa, kati ya mabega, na hakuweza kuuzuia. Lilikuwa jepesi. Alikuwa amemhimiza mwenye gari la maksai aende haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

"Ile ni baba yangu," akasema hatimaye.

D.O. aliomba kuona barua iliyotoka Nairobi baada ya mifupa kuchunguzwa. Bwana alikuwa ameichukua kabla ya kuvuka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujiandaa. D.O. akaisoma, akaeleza polepole, na Wangila akarahisisha. Mtaalamu amesema mifupa ni ya mtu mzima sana, mwanamume, wa watu waliotoweka. Miaka mia mbili, pengine zaidi.

"Kwa mkono yake ya kulia," arap Tuwei akasema, "alikuwa na bangili ya waya. Waya ya simu ya reli. Vijana walikata kule kwa reli wakamletea, mimi nikiwa kijana. Miaka mia mbili kulikuwa na simu?"

D.O. aliacha kuandika. Kwa mara ya kwanza tangu afike alimtazama arap Tuwei usoni, na mashavu yake yakazidi kuwa mekundu. Akamwuliza Bwana kwa Kiingereza. Bwana akakuna kidevu. Ndiyo, palikuwa na kipande cha waya. Walidhani ni takataka ya fensi. Hakikulingana na umri wa mifupa, kwa hiyo walikitupa. Kwenye maji, alidhani.

"Je, kiliandikwa popote?" D.O. akamwuliza Wangila. "Ni wewe uliyeandika orodha ya vitu vilivyopatikana?"

Ni yeye. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa misheni: *waya, kipande kimoja*. Na yule mtu wa miwani alikuwa amemwambia afute, akafuta kwa rula, mstari ulionyooka. Wangila alimtazama Bwana. Bwana hakumtishia kwa lolote. Alikuwa akimwangalia mjusi. Wangila alikuwa na watoto watano na nyumba ya mabati ya shamba.

"Sikumbuki, Bwana," akasema.

D.O. alishusha pumzi, pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Akasema anasikitika. Akasema yeye si mtaalamu, na serikali haiwezi kwenda kinyume cha mtaalamu kwa sababu ya waya isiyokuwapo.

"Muulize," arap Tuwei akamwambia Wangila, "kama ile mifupa ni ya miaka mia mbili, basi baba yangu ako wapi?"

Wangila alitafsiri swali hilo vizuri kabisa. D.O. alikuwa ameshaanza kuteremka, akijishika kwenye mishubiri, na Pelling alikuwa akimwonyesha mahali pa kukanyaga.

Ijumaa watu wa mifugo walikuja, wakaondoka na ng'ombe wote sita. Jike mmoja mwekundu aligeuka langoni akalia, akapigwa. Alasiri Wangila alileta debe la unga kwa ajili ya safari. Rael alilipokea, akalimwaga lote kwenye nyasi mbele yake, akamrudishia debe lake. Njaa waliyokuwa nayo Wangila aliijua. Alisimama akitazama unga ule mpaka kuku wakaja.

Jumamosi lori lilikuwa liondoke saa nane. Saa nne Bwana alimwita arap Tuwei. Alikuwa amevaa kofia nyeupe, na wageni wake watatu walishuka na vikapu vya chakula.

"Leo wewe peleka sisi, mara moja ya mwisho," akasema. "Halafu mimi naandika kipande yako."

Kipande kilikuwa tayari mfukoni mwa shati lake, alikuwa amekichukua asubuhi ili akitie sahihi ya kumwachisha kazi. Bila sahihi hiyo mtu hapiti Sisibo, sembuse Timboroa; askari wa kwanza njiani atamshika kwa kutoroka. Arap Tuwei alijigusa shingoni. Palikuwa pepesi, pa ajabu.

Akapiga kasia. Njia kati ya matete ilikuwa safi, aliikata mwenyewe. Korongo wawili waliruka, na wageni wakashangilia. Alipofika aliruka majini, akaishika mashua kwa mikono miwili ili wanawake washuke bila kulowa. Bwana alikuwa akieleza, mkono wake ukipita juu ya mwamba, ukuta, mkuyu. Mmoja wa wageni, mama wa makamo aliyekulia Kitale, alijua Kiswahili na alikipenda. Alisimama juu ya jiwe akamtazama yule mzee ndani ya maji, akaona si vizuri asisemeshwe.

"Mzee," akasema kwa upole, "Bwana anatuambia hapa palikuwa na watu zamani, na wote wakapotea. Wewe unajua? Walienda wapi?"

Arap Tuwei alifikiri. Swali lilikuwa jema, na kwa miaka yote hakuna Mzungu aliyewahi kumwuliza.

"Timboroa, memsaab," akajibu. "Leo saa nane. Na lori."

Mama yule alicheka kidogo, kisha akaacha, akamgeukia mwenyeji wake.

"Huyu mzee sana," Pelling akasema. Aligusa mfuko wake kuhakikisha kipande kipo, akampa mama mkono wa kumpandisha. "Shika mashua, wewe. Shika vizuri."

Wakapanda. Sauti zao zikaenda kuelekea langoni, kushoto, zikasimama pale. Chini, maji yakimfika kiunoni, arap Tuwei akashika mashua.